Umeme Ulikatika, Mstari Haukukatika

Khainza, vuta stuli. Zima hiyo redio.
Karatasi iliyolala mezani bado si nyumba,
ni barua kwa mtu ambaye hatakuja kukuuliza.
Ataisoma amesimama kwenye tope,
kidole kimeganda saruji, mvua ya Masaba mabegani,
baada ya kuikunja mara nne katika mfuko wa shati
pamoja na chenji na njugu za kukaanga.

Kwa hiyo anza na unene.
Ukuta uliopitiwa na mkato utie wino mzito,
kama shahidi anayetaja jina lake mbele ya hakimu.
Ngazi, sinki, kizingiti: kalamu ya kati.
Vigae viache vififie, utando wa buibui alfajiri.
Mistari yote ikipiga kelele kwa pamoja
utakuwa umechora soko la Mbale mwisho wa mwezi,
na hakuna atakayesikia bei.

Mlango mpe bawa lake, ile robo ya duara,
fundi ajue utafungukia wapi
na mgonjwa asigongwe goti.
Kaskazini usiikisie. Toka nje:
mlima uko mashariki, haujawahi kuhama.
Vipimo andika kwa milimita, na kamwe
usimlazimishe mtu kupima karatasi kwa rula;
karatasi hunywa unyevu, hunenepa, hudanganya.

Nilijitungia ubeti, nikaubandika juu ya taa:

*Kilichokatwa koleza, kilicho mbali fifiza,*
*Kilicho juu katiza, kwa vipande kueleza,*
*Namba chini ziegeza, na kulia kumaliza,*
*Kalamu ikiteleza, jengo litakuumiza.*

Unacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Mwaka wangu wa nne, zahanati ya Busiu.
Boriti ya zege ilipita juu ya ukumbi wa kusubiria,
juu, Khainza, juu ya vichwa vya watu,
na kilicho juu ya kichwa huchorwa kwa vipande,
kistari, pengo, kistari, pengo,
ili msomaji ainue macho.
Ilikuwa saa sita usiku, mteja anataka asubuhi.
Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, ukikatika na kurudi.
Mstari wangu haukukatika.

Siku ya kumi na moja nikashuka kwenye bodaboda
nikaukuta: kozi tano za matofali,
zimenyooka kama kiapo,
zimepasua ukumbi katikati.
Fundi Gidudu alikuwa anafuta mwiko wake kwa jani la mgomba.
Sikumsalimu. Nilipaza sauti hadi wabeba maji wakatua ndoo.
Yeye akatoa karatasi mfukoni,
akaikunjua polepole, akapangusa ganda la njugu,
akaweka kidole pale.
"Huu umekatika?"
Nikatazama. Nikatazama tena.
"Haukukatika."
"Basi ni ukuta. Mimi nasoma, mama. Sikisii."

Mifuko mitatu ya saruji ilitoka kwenye mshahara wangu.
Tukabomoa kozi mbili, tukatoboa njia upande wa dirisha,
na zile tatu zilizobaki Gidudu akazipiga lipu,
akazisugua kwa ubao mpaka ziking'aa,
bila kuniomba mchoro.

Miaka miwili baadaye nilitumwa kupima jengo jinsi lilivyo.
Kina mama walikuwa wamekaa pale, bega kwa bega,
mmoja ananyonyesha, mmoja anasinzia,
na boriti iko juu yao, haijui lolote.
Nilichora wingu la marekebisho kuzunguka mahali hapo
na nikashindwa, kwa muda mrefu, kuandika neno.
Mwishowe: *benchi, kimo 450.*
Safari hii mstari mzima. Nao ulikuwa kweli.

Haya, chonga penseli.
Piga ukingo wa karatasi kwanza.
Jina lako weka chini, pembe ya kulia,
kwa herufi zinazosomeka hata zikilowa.
Gidudu bado anafanya kazi,
na hupenda kujua wa kumlaumu.